Delhi kwa macho ya flaikacha mstaafu

Nianze na alama, maana najua wengi mnataka hizo tu. Kibanda cha teksi za kulipia kabla pale uwanja wa ndege wa Indira Gandhi: nyota nne. Metro ya Delhi, yaani treni za mjini: tano, na kama kungekuwa na ya sita ningeitoa. Bajaji: tatu, na hapo nimekuwa na huruma. Wakala wa hapa Arusha aliyetuuzia safari nzima, ambaye simtaji jina: mbili, na moja ni ya viza peke yake. Hewa ya mwezi Novemba: sifuri.

Nilikwenda kumsindikiza mama mdogo, mkazi wa Usa River, kufanyiwa upasuaji wa goti kwenye hospitali moja ya kusini mwa jiji. Hospitali siipimi hapa. Goti linakunja, linanyoosha, anakwenda kanisani kwa miguu yake, basi. Ninachopima ni mambo ya kati ya mlango wa ndege na mlango wa hospitali, na kwa hayo nadhani nina sifa kuliko abiria wa kawaida, kwa sababu kabla sijapata leseni ya kuongoza watalii nilikuwa flaikacha. Kwa wasioijua Arusha: huyo ni yule kijana anayemganda mzungu kuanzia Mnara wa Saa mpaka mwisho wa barabara ya Boma, mkononi ana batiki na bangili, mfukoni ana kadi za kampuni za safari ambazo ofisini kwao hajawahi kukanyaga. Kazi hiyo ndiyo iliyonilisha ujana wangu wote. Najua mgeni anavyosomwa kwa viatu vyake. Najua kwamba unatembea hatua moja mbele yake, si nyuma, ili aone kama ni yeye anayekufuata. Kwa hiyo wale jamaa wa Delhi niliwatazama kama fundi anayekagua ukuta uliojengwa na fundi mwenzake.

Na ukuta wao umenyooka. Sisi tulikuwa tunauza kitu. Mgeni akisema hataki batiki, tunashuka kwenye bangili, akikataa bangili tunaomba hela ya chai. Wa Delhi haanzi na kuuza. Anaanza kwa kuua mpango uliokuja nao. Hoteli yako imeungua. Barabara ya kwenda huko imefungwa, kuna maandamano. Ofisi ya tiketi imehamia sehemu nyingine. Treni yako imefutwa. Mpango ukishakufa, wewe mwenyewe ndiye unayemshika mkono na kumwomba msaada, naye kwa upole kabisa anakupeleka kwenye ofisi ya mwenzake, ambako unalipa mara nne na yeye anachukua chake. Hakushiki, hakutishi. Wengine mpaka leo wanasimulia jinsi yule kijana alivyowaokoa.

Tuliruka kutoka KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, kupitia Addis Ababa, tukatua usiku. (Delhi iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Hiyo nusu inasumbua mno ukiwa unapanga dawa za mgonjwa.) Nje ya ukumbi wa kufikia kuna kibanda cha teksi kinachosimamiwa na polisi wa usalama barabarani wa Delhi. Unataja unakokwenda, unalipa pale pale, unapewa karatasi yenye nauli na namba ya gari. Shikeni sana karatasi hiyo. Dereva halipwi na wewe, analipwa na kibanda akirudisha karatasi, kwa hiyo usimpe mpaka mizigo imeshuka yote na wewe mwenyewe umesimama mbele ya mlango uliotaka kufika. Atakuomba mapema, atasema ni utaratibu. Si utaratibu.

Wa kwetu alianza kazi kabla hatujamaliza barabara ya uwanja wa ndege. Akauliza jina la hoteli, akatingisha kichwa kwa huzuni, akasema imefungwa. Mama mdogo hajui Kiingereza kingi lakini huzuni anaijua.

"Anasemaje, mwanangu?"

"Anasema hoteli tuliyolipia imefungwa, mama."

"Imefungwa na nani?"

Nikamtafsiria dereva swali hilo kama lilivyo. Hakuwa na jibu la haraka, akaomba namba ya simu ya hoteli ili atupigie yeye. Hiyo nayo naijua kwa kusimuliwa na wageni wangu: anapiga kwa mwenzake, mwenzake anajifanya mtu wa mapokezi, anakuambia chumba chako kimeuzwa. Nikamwambia asante kaka, tupeleke hivyo hivyo ilivyofungwa, tukaitazame. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu. Akatupeleka.

Hoteli ilikuwa wazi, taa zinawaka, kijana wa mapokezi yuko macho. Na hatukulala pale. Hapa ndipo zilipopotea nyota tatu za wakala wetu. India inamtaka kila mwenye nyumba ya wageni apeleke serikalini taarifa za mgeni kutoka nje ndani ya saa 24, kwa fomu maalumu. Hoteli nyingi ndogo hazitaki usumbufu huo, zinapokea raia tu. Wakala alitupangia moja ya hizo kwa kuwa ni rahisi, akatutoza bei ya hoteli ya kawaida. Kijana wa mapokezi aliomba radhi vizuri, akampa mama mdogo kiti na maji, lakini chumba hapana. Nilimpigia wakala simu mpaka chaji ikaisha. Alipokea kesho yake akiwa ameshakunywa chai yake. Usiku ule tuliokolewa na dawati la wagonjwa wa kimataifa la hospitali, ambalo lina namba ya saa 24. Wao wana orodha ya nyumba za wageni za jirani zinazopokea watu wa nje, zenye jiko la kupikia. Ukienda kutibiwa, waombe orodha hiyo kabla hujalipa senti kwa mtu yeyote wa Arusha au Dar. Hawatozi.

Ile nyota ya viza anastahili, kazi aliifanya safi. Viza ya mgonjwa na ya msindikizaji ni tofauti, zote zinaombwa kwa intaneti, na mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wawili. Ukiomba mwenyewe angalia anwani ya tovuti: ya serikali inaishia na gov.in. Zimejaa tovuti zinazofanana nayo, zenye bendera na simba watatu kama za kweli, zinazochukua hela yako juu ya ada halali.

Metro. Ilianza kubeba watu mwisho wa 2002 na sasa imetambaa jiji zima, hadi uwanja wa ndege. Kutoka uwanja wa ndege hadi stesheni ya New Delhi ni kama dakika 20, kwa chini ya rupia 100. Wakati ule rupia moja ilikuwa karibu shilingi 30, pigeni hesabu wenyewe. Ni safi na ina baridi ya kutosha, na mlangoni wanakagua mabegi. Behewa la kwanza ni la wanawake peke yao na mwanamume akikutwa humo anapigwa faini, kwa hiyo dada anayesafiri peke yake aingie huko bila kujiuliza, hasa saa za msongamano, maana kwenye mabehewa ya mchanganyiko mikono ya watu haina adabu. Mama mdogo kabla ya upasuaji alipanda humo, mimi nikapanda linalofuata. Nilimkuta kituoni ameshapewa machungwa na mama mmoja ambaye hawana lugha hata moja wanayoelewana. Lakini kilichonifanya niipe tano ni kitu cha kiufundi: ndani ya metro flaikacha hana kazi. Nauli imeandikwa, njia imeandikwa, hakuna mpango wa kuua. Nilikuwa nawaona wamesimama juu kwenye ngazi wakisubiri watu watoke.

Stesheni ya New Delhi, upande wa Paharganj, ndiyo chuo kikuu chao. Nilikwenda kutafuta tiketi ya treni ya kwenda mji wa Agra, mama mdogo akiwa bado wodini na binti yake amekuja kunipokea zamu. Wageni wana ofisi yao ya tiketi ndani ya jengo la stesheni, ghorofa ya kwanza; unaingia na pasipoti, unakaa kwenye kiti, unahudumiwa, na kuna nafasi zilizotengwa kwa ajili ya watalii hata treni ikiwa imejaa. Kutoka barabarani hadi kwenye ngazi ya ofisi hiyo walinisimamisha watu wengi. Aliyenifurahisha alikuwa mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, kitambulisho kimening'inia shingoni lakini kimegeuzwa upande wa nyuma. Alisimama hasa kwenye kidato cha chini cha ngazi, mkono mmoja juu ya chuma, ili kupanda lazima umwombe njia. Hakuniita. Alisubiri nimkaribie, akanyoosha kiganja kama mkaguzi: "Tiketi."

Nikamwambia ndiyo naenda kukata.

"Juu kuna matengenezo. Ofisi ya wageni imehamia Connaught Place. Bajaji rupia ishirini tu." Na bajaji ilikuwa imeshawasha, dereva wake hatutazami kabisa, anatazama mbele. Pale ndipo nilipotamani kuvua kofia. Dereva anayekutazama anakutia shaka. Huyu alikuwa ameshafundishwa kutazama mbele. Tulipokuwa Boma hatukuwahi kufikia kiwango hicho, wenzetu walikuwa wanakimbilia mgeni watatu watatu wanapigana vikumbo.

Nikamuuliza juu kuna matengenezo ya nini. Akasema umeme. Nikamwambia mimi ni fundi umeme, ngoja nikaangalie. Akacheka, akatoa mkono kwenye chuma, nikapanda. Ofisi ilikuwa wazi, mapazia yamefungwa vizuri, feni zinazunguka, na Wakorea wawili wanajaza fomu.

Hizo ofisi za Connaught Place, eneo la maduka katikati ya jiji, wanakopeleka watu nazo nilizipitia kwa makusudi. Zina ramani kubwa ukutani na maneno yanayokaribia sana jina la ofisi ya utalii ya serikali. Ya serikali yenyewe iko namba 88, barabara ya Janpath. Nyingine zote zenye jina linalofanana ni za watu binafsi.

Pale pale Connaught Place, chini ya zile nguzo nyeupe, nikapata pia mchezo wa kiatu. Unatembea, kijana mwenye sanduku la dawa ya viatu anakuonyesha mguuni kwa masikitiko: "Bwana, kiatu chako." Unatazama, kweli kuna kinyesi. Kwangu kilikuwa juu ya kiatu, karibu na kamba, laini, bado kibichi. Sasa mtu anakanyagaje kinyesi kwa upande wa juu? Kuna mwenzake amekirusha ulipokuwa unatazama madirisha ya maduka, na huyu ndiye wa kusafisha, kwa bei ya kiatu kipya. Ukikataa anafuata nyuma akitangaza mguu wako kwa watu. Nilifuta kwa karatasi yangu mwenyewe, nikamwambia kwamba kwetu nami nilikuwa mtu wa barabarani. Hakuamini hata kidogo, akaniuliza kama nataka mkanda.

Bajaji zao ni za kijani na njano, zinatumia gesi, na zina mita. Mita ni mapambo. Wengi watakuambia imeharibika, kisha watataja bei ya kuanzia ya kukushangaza. Patana kabla hujakaa, kama unavyopatana na bodaboda wa soko la Kilombero hapa Arusha ukiwa na gunia. Usiku, kuanzia saa tano hadi saa kumi na moja alfajiri, kuna nyongeza halali ya robo ya nauli, usigombane nao kwa hiyo. Za kuita kwa simu ni nafuu ya kichwa, dereva anakuomba namba ya safari kabla ya kuondoka, ndipo uhakikishe ni yeye. Ila akikuambia tupitie duka moja dakika tano, kutazama ni bure, jua analipwa kwa kukufikisha mlangoni tu, hata usiponunua. Nami nimewahi kuishi kwa hela za aina hiyo, maduka ya vinyago na tanzanite yanajua, kwa hiyo sikuchukia. Nilikataa tu.

Kuvuka barabara ni elimu nyingine. Wanaendesha kushoto kama sisi, na hapo kufanana kunaishia. Honi haina maana ya hasira, malori yenyewe yameandikwa nyuma yakiomba yapigiwe honi. Kaa nyuma ya mama mwenye mtoto, anapovuka uvuke.

Pesa: kila mtu analipa kwa kuskani kwa simu, hadi muuza karanga, na mfumo wao kwa kawaida unataka akaunti ya benki ya kwao. Kwa hiyo wewe unabaki na noti, na hakuna mwenye chenji. Tunza noti za kumi na ishirini kuliko za mia tano. Iliyochanika usipokee, maana hakuna atakayeipokea kutoka kwako. Laini ya simu inahitaji pasipoti na picha, na inaweza kuchelewa kufunguka, kwa hiyo usiingie mjini ukitegemea kuwa itawashwa papo hapo.

Sasa hewa, na hapa siwezi kutania. Tulikwenda Novemba kwa sababu ndiyo tarehe wakala aliyoona ina tiketi rahisi. Mwezi huo wakulima wa Punjab na Haryana wanachoma mabua ya mpunga, sikukuu ya Diwali imetoka kupita na fataki zake, magari yako palepale, na baridi inaukandamiza moshi chini bila upepo wa kuuondoa. Asubuhi ya kwanza nilidhani ni ukungu kama wetu wa Meru. Ukungu wa Meru haunuki na hauchomi macho. Kwa kipimo chao cha uchafu wa hewa, kuanzia 301 hewa inaitwa mbaya sana na ikipita 400 ni ya hatari. Siku nyingi tulikuwa huko juu. Mama mdogo, ambaye maisha yake yote amevuta hewa ya migomba, alikohoa mpaka daktari wa ganzi akataka kumpima mapafu upya kabla ya kumkubali mezani. Barakoa ya kitambaa haifai kitu, nunua ile ya N95. Kama upasuaji wako unaweza kusubiri, nenda Februari au Machi. Desemba na Januari ukungu halisi unachelewesha ndege na treni, Mei na Juni joto linagusa nyuzi 45, halafu mvua zinaleta dengi. Wakala anayejua kazi angetuambia haya bila kuulizwa.

Kuna kero moja ambayo wazungu hawaiandiki kwa sababu haiwapati. Utatazamwa. Watu wanageuza shingo yote na hawaitoi. Vijana wanakuita "Nigeria! Nigeria!" kutoka ng'ambo ya barabara, wengine wanataka picha, mtoto mmoja alishika nywele za binamu yangu, yule binti wa mama mdogo, bila kuomba. Wenye nyumba wengine wakisikia ni Mwafrika chumba kinajaa ghafla. Watanzania hatujasahau Januari 2016 kule Bengaluru, mwanafunzi mwenzetu alivyoshambuliwa na kundi la watu na gari kuchomwa, kwa ajali iliyosababishwa na mtu mwingine kabisa. Kwetu haikufika popote karibu na huko, na wauguzi na majirani wa nyumba ya wageni walikuwa watu wema kupita kiasi. Lakini usiku tulikuwa tunarudi mapema, na sikumruhusu binamu apande gari lolote peke yake.

Maji ya chupa, kagua kizibo, kikizunguka bila kukatika rudisha. Barafu hapana. Matunda yaliyokwisha kukatwa hapana. Chai ya barabarani ndiyo, inachemshwa mbele yako mpaka inageuka rangi. Mama mdogo alichoka na dengu, akawa anaota kitimoto, lakini kwa jiko la nyumba ya wageni na unga tuliobeba tulifika. Mbwa wa mitaani usiwaguse, hata akiwa mtoto, na nyani usiwaonyeshe chakula: hakuna nchi inayozika watu wengi kwa kichaa cha mbwa kuliko India. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda kwenye chanjo siku hiyohiyo.

Plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii kwenye soketi zao, beba adapta.

Na kuondoka. Mlango wa uwanja wa ndege unalindwa na askari wenye bunduki. Bila pasipoti na tiketi huingii hata ukumbini, na wanaokusindikiza wanaishia nje. Chapisha tiketi kwenye karatasi. Kiti cha magurudumu kiombe kwa shirika la ndege siku mbili kabla, ni bure. Anayekisukuma atanong'ona habari za dola mkikaribia geti. Mama mdogo alimkabidhi rupia zote zilizobaki, naye akahesabu, akasema hazitoshi.